Ukoo wa Karantini

Ng'ombe wa Kisaka walifungiwa Jumatatu, na kufika Jumanne asubuhi Robi Nyangwine alikuwa ameshajua kwamba aliyefungiwa hasa ni yeye.

Afisa mifugo wa kata ya Kisaka, Judith, dada mfupi mwenye buti za mpira zinazomfika magotini, alibandika karatasi kwenye ukuta wa ofisi ya kata, kisha akaenda kulaza gogo katikati ya daraja. Karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo umeingia, basi hakuna ng'ombe kutoka, hakuna ng'ombe kuingia, na mnada umefungwa mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Watu ruksa kupita. Baiskeli ruksa, bodaboda ruksa, hata kuku akitaka kwenda Mugumu kutembea, aende. Ng'ombe, marufuku.

Utaniuliza, mwalimu wa Kiingereza na ng'ombe wapi na wapi? Ngoja nikuambie. Robi alikuwa na miaka ishirini na saba, anajitolea kufundisha sekondari huku akisubiri ajira, na alikuwa na mimba iliyokuwa inaingia mwezi wa tano. Aliyempa mimba ni Daudi wa Kewanja, ng'ambo ya daraja, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mpole, na wala hakuwa amemkimbia. Ng'ombe wake kumi na wanne wa mahari walikuwa tayari kwenye zizi la mama yake. Baba wadogo wa Robi walikwenda kuwakagua mwezi wa kwanza, wakawafungua midomo, wakawashika nundu, wakagombana kidogo juu ya mtamba mmoja mwenye jicho bovu kama ilivyo ada, wakarudi wameridhika na wamelewa. Siku ya kuwaleta ikapangwa. Wiki moja kabla ya siku hiyo, Judith akabandika karatasi yake.

Sasa, huko kwao mtoto ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe wa Daudi wakiingia kwa mzee Nyangwine kabla mtoto hajazaliwa, mtoto ni wa Daudi, na Robi atakwenda naye Kewanja akakue kwa baba yake. Mtoto akiwatangulia ng'ombe, hata kwa siku moja, ni wa mzee Nyangwine. Daudi akileta ng'ombe baada ya hapo atapewa mke, lakini mtoto atabaki kwa babu. Na mzee Nyangwine alikuwa na mabinti watano, Robi akiwa wa kwanza, na hakuwa na mtoto wa kiume hata wa dawa. Mtu kama huyo humwendei ukamwomba akuachie mjukuu kwa hisani.

"Basi twende Bomani tukafunge ndoa ya serikali, yaishe," Daudi alisema kwenye simu.

"Cheti cha Bomani kitanihamisha mimi," Robi akamjibu. "Mtoto hakitamhamisha."

"Basi ninunue ng'ombe wengine huko huko Kisaka."

Robi alitaka kucheka, akashindwa. Ng'ombe wa Daudi walishakaguliwa, kila mmoja anajulikana kwa rangi na kwa pembe. Uache hao, uende ukanunue wa jirani ya mkweo uwaingize kwa mkweo? Utaulizwa wale wa mama yako wana ugonjwa gani unaouficha. Hata kukimbilia Kewanja akajifungulie huko hakukusaidia kitu, maana baba yake angefuata chake tu, na wazee wa Kewanja wenyewe wangemsindikiza kurudi nacho. Robi alizungusha akili kila upande, akakuta kila upande pana ukuta. Akaenda mitumbani akanunua sweta kubwa la kiume, akalivaa juani ili baba yake asijue, akawaambia wanafunzi kwamba ana malaria isiyoisha.

Siku ya sita wazee waliitisha kikao mbele ya ofisi ya kata. Mwenyekiti wao alikuwa mzee Werema, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu inayokufanya ujisikie una kosa hata kama huna. Alimwacha Judith aeleze mambo ya virusi mpaka akamaliza. Kisha akasimama.

"Binti, hatukatai," alisema. "Hata sisi tuna miiko yetu. Lakini mwiko una mwenyewe, una siku ya kuanza na una siku ya kuisha. Mgeni akija hapa tunamuuliza baba yake ni nani, babu yake ni nani, na mama yake katoka ukoo gani. Akishajibu ndipo anapewa kiti. Wewe umetuletea neno halina baba, umelipa kiti, na limekaa juu ya ng'ombe wetu. Hii karantini ni ya nani?"

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Judith akasema ni neno la kitaalamu.

"Mtaalamu gani? Ana jina?"

Maskini Judith hakujua. Neno alilikuta chuoni, akaondoka nalo kama alivyolikuta, kama sisi sote tunavyofanya na maneno mengi tu. Hapo ndipo mzee Nyangwine aliposimama, kifua mbele. "Mimi ninaye binti anayekijua Kiingereza nje ndani," alisema. "Mpeni siku mbili. Atawaletea huyo karantini na ukoo wake wote." Wazee wakakubali. Robi alikuwa amekaa nyuma pamoja na wanawake, akahisi macho yote yamemgeukia, akavuta sweta.

Shule ilikuwa na kamusi moja kubwa ya Kiingereza, gamba limeng'oka, ambayo kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa stoo usijifunge kwa upepo. Ni kamusi ya watu wenye subira. Chini ya kila neno kuna maandishi madogo ya kukuumiza macho yanayokwambia neno limetoka wapi na kabla ya hapo lilikuwa wapi. Robi aliichukua akaifuta vumbi, akakaa nayo kwenye chumba cha walimu, na simu yake pembeni kwa yale ambayo kamusi ingeyaacha.

Na wacha niseme ukweli, saa ile ya kwanza alisahau kila kitu. Huyu mtu alikuwa anapenda maneno. Alilikuta neno la Kiingereza, quarantine, akalifuata nyuma. Waingereza walikuwa nalo kwanza kwa mambo ya wajane: mume akifa, mjane alikuwa na haki ya kukaa kwenye nyumba ya marehemu siku arobaini kabla ya kutolewa. Robi alisoma hapo mara mbili, akasonya. Kisha likaja la meli. Mji wa Venisi, kule Italia, tauni ilipokuwa inawamaliza, meli zikitoka mahali pa ugonjwa zilizuiwa kuteremsha watu mjini mpaka zipite siku zake, na siku hizo wakaziita kwa lugha yao quarantena. Mama yake quarantena ni quaranta, yaani arobaini. Na quaranta akatoka kwa Walatini wa kale, kwa quadraginta, ambaye ndani yake amekaa nne. Hivyo neno zima, ukilivua nguo moja moja, unabaki na arobaini tu.

Arobaini! Zimeshapita siku sita, zimebaki thelathini na nne. Atakuwa ndani ya mwezi wa sita. Sweta litatosha. Ng'ombe watawahi.

Angeishia hapo angekuwa na amani. Lakini mtu anayependa maneno haishii katikati, akaendelea kusoma. Akasoma kwamba kabla ya arobaini za Venisi, mji mwingine wa pwani ile, Raguza, ulikuwa umeweka thelathini. Siku zilikuja kuongezwa baadaye. Akasoma kwamba Waingereza walipolichukua neno kwa habari ya meli waliiacha idadi njiani, na kwa mamia ya miaka sasa karantini ni muda wowote ule, mfupi au mrefu, kadiri ugonjwa unavyotaka. Arobaini ilishatoka ndani ya lile neno zamani sana. Limebaki jina.

Robi alifunga kamusi. Aliifunga polepole, akairudisha mlangoni pa stoo.

Kwenye kikao cha pili Judith hakuwepo, alikuwa amekwenda Mugumu kupeleka sampuli za damu. Robi alisimama mbele ya wazee akawaamkia shikamoo, akalitaja neno kama mtu anavyotajwa: huyu ni karantini, mtoto wa Mwingereza, aliyemzaa ni quarantena wa Venisi, bibi yake ni quaranta, na mzee wa ukoo ni quadraginta, Mlatini. Alipofika kwa mjane kutolewa kwenye nyumba siku ya arobaini, akina mama waliguna wote kwa pamoja, na mmoja akasema kwa sauti kwamba kumbe Wazungu nao wana mashemeji. Palichekwa sana. Mzee Nyangwine alicheka kuliko wote, akawa anatazama huku na huku kuona nani hajajua kwamba huyo ni binti yake.

Abdallah naye akaomba kusema. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Mugumu, aliyenunua ng'ombe tisa Jumapili na kuamka Jumatatu hana pa kuwapitisha, akawa amepanga chumba Kisaka kuwalinda. "Wazee wangu, mwalimu anasema kweli," alisema. "Sisi Waislamu tukifiwa tuna arobaini. Mwanamke akijifungua anakaa ndani arobaini. Na hilo neno arobaini tumelipata kwa Waarabu. Hiki ni kitu kinachojulikana dunia nzima."

"Kumbe ni mwiko wa watu wazima," alisema mzee Werema, na kwa mara ya kwanza alionekana kulipenda neno. Akamgeukia Robi. "Kwa hiyo, mwalimu, mwisho wake ni siku ya arobaini?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Palikuwa wazi, pana, na kimya. Robi alijua kabisa. Akatazama viatu vyake.

"Ndiyo, mzee."

Wazee wakala kiapo palepale. Siku arobaini hakuna ng'ombe atakayeinua mguu kuvuka daraja, na atakayemvusha wake atatengwa na watu, hataombwa moto wala hatapewa maji. Siku ya arobaini na moja, gogo linaondoka. Waliapa juu ya neno na juu ya ukoo wake, na aliyewapa ukoo huo ni Robi.

Judith aliporudi alishangaa mwenyewe. Kila mahali alipowahi kufanya kazi watu walivusha ng'ombe kwa kuzunguka vichakani, wakimwona wanamwita majina. Kisaka hakuna hata ndama aliyesogea. Mgambo wawili aliopewa wakae darajani walishinda wanacheza drafti. "Robi, umewapa nini hawa wazee?" alimwuliza siku moja, akamletea parachichi sita za shukrani. "Sijawahi kuona watu wanatii hivi." Robi akazipokea. Hakuweza kula hata moja, akawapa wadogo zake.

Siku zile ziende basi, haziendi. Robi alihesabu akiamka, alihesabu akila, alihesabu akisahihisha madaftari mpaka siku moja akamwandikia mwanafunzi ishirini na tatu juu ya kumi. Mtoto alianza kucheza. Alianza darasani, kidato cha pili, katikati ya somo, akampiga teke moja la nguvu, na Robi akashika meza akasema, "Andikeni tarehe." Walikuwa wameshaandika tarehe. Jioni alikuwa anasimama kwenye uzio wa baba yake akiangalia njia ya darajani, njia ambayo yeye mwenyewe angeweza kuipita muda wowote kwa miguu yake, na asipate faida yoyote kwa kuipita. Hilo ndilo lililomkaba. Mlango uko wazi na huwezi kutoka.

Daudi akapiga simu. Habari za arobaini zilikuwa zimefika Kewanja. "Siku ya arobaini na moja, saa tatu asubuhi, niko darajani na ng'ombe," alisema. "Mama amekubali. Robi, unanisikia?" Alimsikia. Alilia kidogo, kwa furaha na kwa kitu kingine alichokataa kukitazama.

Siku ya thelathini na nane Judith alikagua zizi la mzee Werema mwenyewe, akakuta ng'ombe watatu wanatoa mate kama povu la sabuni, ndimi zimechubuka, mmoja hakanyagi. Akabandika karatasi mpya: karantini inaendelea mpaka mgonjwa wa mwisho apone, kisha miezi minne juu yake. Wazee walisoma karatasi, wakakunja nyuso.

"Binti," mzee Werema alimwambia, "ulituletea neno halina ukoo, tukakutafutia. Neno ni arobaini. Tumeapa arobaini na tunazitimiza bila kuiba hata saa. Leo unataka kuliongezea umri? Wewe ni nani wake?"

Jioni ile Judith alikwenda kwa Robi, buti zimejaa matope, uso umemwiva. "Hivi ni nani aliyewaambia arobaini ndiyo mwisho?"

"Ni asili ya neno," alisema Robi, kichwa mlangoni na mwili ndani.

"Asili sawa. Lakini uliwaambia kwamba sasa hivi halina maana hiyo?"

"Dada, kichwa kinaniuma sana leo."

Akafunga mlango. Alisimama nyuma yake akisikiliza buti zikiondoka, akajichukia. Akajiambia hajasema uongo hata mmoja. Akajiambia tena. Haikusaidia.

Siku ya arobaini na moja ilipambazuka na mavumbi. Kufika saa mbili njia yote ya darajani ilikuwa mgongo wa ng'ombe mmoja baada ya mwingine, wa mnada, wa Abdallah, wa kila mtu aliyekuwa na haja yake, na vijana pembeni na fimbo. Mbele yao alikuwa Marwa, mtoto wa mzee Werema, na yeye hakuwa na fimbo, alikuwa na upinde. Kwenye gogo alisimama Judith peke yake na mgambo wake wawili, na mmoja wao alikuwa ameshika bunduki kuukuu kwa namna ya mtu asiyetaka kuitumia na asiyejua aiweke wapi. Wazee walikuwa wamekaa ukingoni mwa njia kama watu waliokuja kushuhudia.

Robi alisimama karibu na baba yake. Na ng'ambo ya pili aliwaona. Ng'ombe kumi na wanne, wamechoka na safari ya siku mbili, yule mtamba mwenye jicho bovu kichwani, na Daudi nyuma yao kwenye shati jeupe. Daudi alikuwa amekonda! Alipomwona Robi aliinua mkono juu, akaushikilia hapo hapo.

Hatua sitini tu, jamani. Gogo likitoka, ng'ombe wa Daudi wanaingia, wanapita katikati ya watu, wanafika zizini, na mtoto ana baba. Robi hakutakiwa kufanya chochote. Alitakiwa kunyamaza dakika tano.

"Ondoa gogo, dada," alisema Marwa.

"Siondoi," alisema Judith. "Mkivusha hawa, wiki ijayo kila zizi mpaka Mugumu lina ugonjwa. Ndama watakufa. Nawaombeni."

"Siku zimeisha. Ondoa."

Mgambo akainua bunduki kidogo tu, labda bila kujua. Marwa akatia mshale kwenye upinde. Ng'ombe mmoja wa mzee Werema, anachechemea, uzi mrefu wa mate unaning'inia mdomoni, akajisogeza mbele mpaka akagusa gogo, na ng'ambo yule mtamba wa Daudi akanyoosha shingo kumnusa.

"Subirini!"

Robi alishtuka kusikia ni sauti yake. Miguu ilikuwa imeshatangulia, yuko kati ya upinde na bunduki, sweta limemwelemea kwa jasho.

"Mura, shusha," alimwambia Marwa, kijana aliyekuwa mwanafunzi wake kidato cha tatu. "Shusha, nimesema. Wazee, shikamooni. Neno nililowaletea sikulimaliza."

Mzee Werema aliinua macho. "Hukulimalizaje?"

"Arobaini ni ya zamani, mzee. Kabla yake kulikuwa na mji mwingine wameweka thelathini, baadaye zikaongezwa. Na Waingereza walipolichukua hilo neno waliiacha arobaini huko huko. Sasa hivi karantini haina idadi. Inakaa kadiri ugonjwa unavyokaa. Afisa anasema kweli, na mimi niliwadanganya."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilijua. Niliyasoma yote siku moja, kwenye ukurasa mmoja."

Mzee Werema alisimama, taratibu, akaja mpaka mbele yake. Hakupaza sauti. "Tuliapa juu ya neno lako, mwanangu. Watu wazima. Kwa nini?"

"Nilitaka ziwe arobaini." Akanyoosha kidole ng'ambo. "Wale kule ng'ambo ni ng'ombe wangu, mzee. Wa mahari yangu. Nilitaka waingie."

Kuna mwanamke aliyecheka, akanyamazishwa. Mzee Werema alimtazama Robi, akamtazama yule ng'ombe wake anayechechemea, akatazama bunduki na mshale, na mtoto wake aliyekuwa ameushika. Uso wake ulizeeka palepale. "Rudisheni ng'ombe," alisema. Marwa akataka kubisha. "Rudisha ng'ombe! Kiapo kilikuwa juu ya neno bovu. Mwenye kosa tumeshamwona, na si huyu dada wa gogo."

Walichukua muda mrefu kugeuzwa, wale ng'ombe, kwa fimbo na matusi. Abdallah alipita karibu na Robi na tisa wake, akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, mwalimu," akaenda zake. Judith alikuwa amekaa juu ya gogo analia waziwazi na hajali. Ng'ambo Daudi alikuwa bado hajaelewa. Upepo ulikuwa unamchukulia maneno. Aliona tu watu wote wanamgeuzia mgongo.

Robi alitaka kukimbia avuke daraja akamweleze. Mkono wa baba yake ulimshika juu ya kiwiko, kwa upole kabisa.

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema mzee Nyangwine. "Jua kali hili halifai kwa hali yako."

Robi akamgeukia baba yake. "Hali gani, tata?"

"Mama yako aliniambia kabla hata ya kile kikao cha kwanza. Utamficha mama mambo hayo kwa sweta?" Alicheka kidogo, cheko la mapenzi, la mzee anayemcheka mtoto wake. "Nilikuwa nakutazama tu."

"Kama ulijua... mbona umeacha wazee waape arobaini? Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Mimi nilikuwa namwomba Mungu huyu binti wa buti asifungue. Ulipotaja arobaini kikaoni nilicheka na watu, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Nikasema basi, nimekosa, ndiyo bahati yangu." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakujali kuyafuta. "Na leo umesimama wewe mwenyewe. Mbele ya watu wote. Sikukutuma, Robi. Miaka thelathini na moja, tangu nimwoe mama yako, nangoja mtoto wa kumpa jina la baba yangu, na umenipa kwa mdomo wako."

Hakuwa na ubaya wowote usoni. Hilo ndilo lililomwumiza Robi kuliko yote, kwamba alitafuta ubaya wa kushikana nao, hakuuona. Aliona mzee mwenye furaha.

"Atakuwa na mahali pazuri," baba yake aliendelea. "Na wewe ukishamaliza kumnyonyesha, Daudi akileta ng'ombe wake utakwenda kwa amani. Kewanja si mbali. Utakuwa unakuja kumwona."

Nyuma yao Daudi alikuwa ameanza kuita. Aliita jina lake mara moja, akaita tena kwa nguvu zaidi, na ng'ombe wake nao wakaanza kulia kwa kiu. Robi akageuza kichwa. Mkono juu ya kiwiko haukukaza, wala haukuachia, ukaendelea tu kumwongoza kwenda nyumbani.